Chupa ya Tatu

Mwanangu Sabiha ana miaka sita, na meno mawili pungufu.
Jana karudi skuli na unyoya wa kuku mfukoni,
umegandamana kama uliolambwa na ng'ombe.
Akauweka ukingoni mwa sahani yangu ya muhogo:
"Baba, uoshe. Wewe si muoshaji?"

Ni kweli. Naosha vespa, naosha honda,
naosha hata gari ya ng'ombe, mwenyewe akiwa na mia tano,
pale kijitoni chini ya Jadida, penye jiwe bapa.
Wete nzima inaijua ndoo yangu ya buluu.
Basi nikaosha. Kwa sabuni ya unga, kwa sabuni ya mche,
kwa ndimu, kwa majivu, kwa mswaki uliokwisha meno.
Unyoya ukabaki vile vile, wa kuku aliyekufa mvuani.

Naye ananisimulia, mdomo umejaa:

Mwalimu Thuwaiba kapanga chupa tatu dirishani.
Ya kwanza maji ya bomba.
Ya pili ya kisima cha msikitini.
Ya tatu, hapo akasimama juu ya mkeka, ya tatu ndiyo nzuri, Baba!
Ina rangi juu yake, zambarau, kijani,
kama shingo ya njiwa.
Tumeigombania. Shaame kalia.

Unyoya ulichovywa humo.

Kisha wakakata chupa nyingine vitako, wakazipindua,
wakashindilia pamba, mkaa uliotwangwa, mchanga,
na kokoto walizookota wenyewe uwanjani
(moja haikuwa kokoto, mbuzi ndiye aliyeiacha,
wakacheka mpaka Mwalimu akakaa chini).
Wakamimina ya tatu. Wakangoja.
Watoto arubaini kimya, wanatazama tone.
Mimi sijapata kuona watoto arubaini kimya,
hata siku ya sindano.

La kwanza jeusi.
La pili jeusi.
La tisa likatoka angavu kama jicho la samaki wa alfajiri.
"Yamepona!" akapiga kelele Shaame,
kama kwamba maji yalikuwa na homa.

Hapo Mwalimu akafanya jambo ambalo Sabiha bado hajamsamehe.
Akachukua maji ya bomba, akakoroga chumvi vijiko vitatu,
akayapitisha kwenye chujio jipya.
Yakatoka yanang'aa.
"Chovya kidole. Lamba."
Nyuso arubaini zikajikunja.
Chumvi imepita. Mchanga haukuiona,
mkaa haukuiona, pamba iliifungulia mlango.
"Jicho ni shahidi," kasema Mwalimu, "lakini si kadhi."

Nikatafuna muhogo. Nikauliza kama mtu asiye na haja:
"Na hiyo ya tatu, mliteka wapi?"

Akanitazama kwa huruma.
"Si kwako! Tulikuja sote, tumeshikana mashati.
Hukutuona, umeinamia tairi.
Karatasi yake nimeandika mimi."
Akaiandika tena hewani, herufi moja moja:
MAJI YA BABA.

Hakunilaumu. Ningejua la kumjibu.
Alikuwa na fahari tu, chupa yetu ipo dirishani.

Usiku nikakifuata kijito kwa mawazo:
kinapita nyuma ya banda la Mzee Faki,
kinaingia bondeni, kwenye mpunga wa bibi yake Sabiha,
na mpunga ule, kila mavuno,
unarudi kwangu kwenye kikapu, na salamu.

Leo nimehamia juu, mbali na jiwe bapa.
Nimechimba shimo, nikatia kokoto, mchanga, gunia zima la mkaa.
Mwenye vespa kaniuliza kama nazika mtu.
Maji yakapita, yakatokea upande wa pili, membamba,
meupe. Nikafurahi peke yangu.

Sabiha kaja mchana na sare yake ya skuli,
kachutama, katazama kwa muda mrefu,
kisha kanigeukia:
"Baba. Chovya kidole."

Mpaka sasa nakifuta kidole hiki kwenye suruali.